Mpini wa dekio

Kichwa cha dekio ninachotumia kazini huja kimefungwa mara mbili, mfuko ndani ya mfuko, kama bomba la sindano. Mfuko wa nje unavuliwa kwenye kidirisha cha kupitishia vitu. Wa ndani unafunguliwa chumbani, na anayeufungua amevaa glovu mbilimbili, miwani, barakoa na ovaroli iliyomfunika mpaka utosini, ngozi yake haionekani popote. Kichwa chenyewe kimeshapikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ndani ya otoklevu, mashine ya kutakasia kwa mvuke. Kikishapita kwenye kipande chake cha sakafu, mita chache tu za mraba, kinavuliwa na kutiwa kwenye mfuko wa kutolea nje, kisha kingine kinafunguliwa. Nikiwasimulia majirani huniuliza: dekio la namna hiyo linadeki wapi, ikulu?

Linadeki chumba cha kujazia dawa ya matone ya macho.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kazi hii, kiwandani, mkoa wa Pwani. Niliingia kama kibarua wa usafi kupitia wakala, leo nasimamia timu ya watu tisa. Kwa muda mrefu nimetamani kuiandika kazi hii, kwa sababu kila nikisoma habari za viwanda vya dawa naona mashine, naona viongozi wakikata utepe, naona wafamasia wenye makoti meupe. Dekio silioni. Na mimi nakwambia, ukitaka kujua kama kiwanda cha dawa kinafaa, usianzie kwenye mashine. Omba uoneshwe stoo ya vifaa vya usafi.

Kidonge na dawa ya maji ya kunywa hupita tumboni, na tumbo lina asidi yake, lina namna ya kujipigania. Dripu haipiti huko, inaingia mshipani moja kwa moja. Tone la dawa linaangukia jicho ambalo pengine juzi tu limetoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Tena dripu ina nafuu moja: ikishajazwa na kufungwa, chupa nzima inapikwa, kwa hiyo hata kama kuna kitu kimejipenyeza, moto unakimaliza. Dawa nyingi za macho hazivumilii moto huo. Kichupa cha plastiki kinapinda, na dawa yenyewe inaharibika. Kwa hiyo dawa inachujwa kwenye chujio lenye matundu ya mikroni 0.22 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), inajazwa kwenye vichupa vilivyokwisha kutakaswa, kizibo kinabanwa, basi. Baada ya hapo hakuna moto tena. Kilichoingia kimeingia.

Mwaka 2023 Marekani walipata msiba wa aina hiyo. Machozi ya bandia, yale matone ya kulainisha macho makavu, yalikutwa yanahusika na maambukizi ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, tena wa aina iliyoshindikana kwa dawa nyingi. Waliougua walikuwa 81 katika majimbo 18. Kati yao 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne waliondolewa jicho, na wanne walifariki. Nilisoma habari hizo usiku, na kesho yake nilifika kazini saa nzima kabla ya zamu yangu.

Vyumba vyetu vina madaraja manne ya usafi, A lililo safi kuliko yote mpaka D. Daraja A ni pale kichupa kilipo wazi kikisubiri dawa. Pale, katika mita moja ya ujazo ya hewa, chembechembe za ukubwa wa nusu mikroni na kuendelea zisizidi 3,520, na kiumbe anayeweza kuota asionekane hata mmoja. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nusu mikroni ni kitu gani. Daraja B ndilo linalolizunguka A, na hapo ndipo miguu yetu inapokanyaga. Watu wa maabara hugandamiza sakafuni kisahani cha agari, ute wa kuoteshea vimelea, chenye upana wa milimita 55, wanakwenda kukiotesha, na makundi ya vimelea yakizidi matano, simu zinaanza kulia. Mwongozo wa mambo haya uliandikwa upya mwaka 2022, Umoja wa Ulaya na WHO wakishirikiana, na viwanda vya Ulaya vikaanza kubanwa nao Agosti 2023. Sisi tunakaguliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Mkaguzi mzuri nimemjua kwa jambo moja: anaangalia dari, anaangalia sakafu, halafu anauliza dekio linahifadhiwa wapi.

Hewa nayo inapiga deki. Jambo hilo lilinichukua muda kulielewa. Willis Whitfield, mwanafizikia wa maabara ya Sandia kule Albuquerque, ndiye aliyewaza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba badala ya watu kukimbizana na vumbi, hewa yenyewe ifanywe ifagie. Hewa iliyochujwa ishuke taratibu na sawasawa kutoka juu, bila kuzungukazunguka, ikiyasukuma mavumbi yote chini na kuyatoa nje. Kwetu, pale kwenye kujazia, inashuka karibu nusu mita kwa sekunde. Huisikii kama upepo, ila ukipitisha moshi wa kupimia unauona ukinyooka kuelekea chini kama pazia. Sasa fikiri: kila kilichoanguka kutoka angani kinaishia wapi? Na kilichoganda ukutani au sakafuni hewa haiwezi kukibandua. Hapo panataka mkono wa mtu.

Mkono wangu ulifundishwa na shangazi, Muheza, kabla sijajua kuna kitu kinaitwa daraja B. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya sementi nyekundu, na kila asubuhi ilikuwa lazima ing'ae. Mara ya kwanza aliponipa deki nilianza palepale niliposimama, mlangoni. Akanitazama. "We mtoto, unaanzia mlangoni, utatokea dirishani?" Akanichukua mpaka kona ya mbali, akanigeuza mgongo uelekee mlango, akaniambia nirudi nyuma taratibu, kila mvuto upande kidogo juu ya ule uliotangulia, nisikanyage nilipokwisha kupita. Nilipoingia kiwandani wakanipeleka darasani siku tatu, mwalimu akachora ubaoni: anzia mbali, malizia mlangoni, mivuto ipandane, usizungushe duara, anza juu malizia chini, anza penye usafi zaidi malizia penye uchafu zaidi. Nilikaa kimya nikimkumbuka marehemu shangazi.

Lakini vifaa vyake vingine vyote ilibidi niviache. Dekio lake lilikuwa khanga iliyochakaa, na kwa sakafu ya nyumbani hakuna kinachoishinda khanga iliyochakaa kwa kunyonya maji. Kwetu pamba ni adui, inanyofoka nyuzi. Vitambaa vyetu ni vya poliesta iliyofumwa, kingo zake zimeunguzwa kwa joto ili uzi usichomoke. Ufagio wa chelewa hauvuki hata geti la ndani, maana ufagio hauondoi vumbi, unalihamisha kutoka sakafuni kwenda hewani. Boksi la karatasi haliingii. Mbao haziingii, hata kipande cha kusimamishia mlango, kwa sababu ukungu na spora, vimelea vilivyojifungia kwenye gamba, hupanda juu yake kama abiria.

Kitambaa cha kufutia meza tunakikunja mara mbili, kinakuwa robo. Ukihesabu pande zake zote unapata nyuso nane. Uso mmoja unafuta mvuto mmoja au miwili, unageuza. Zikiisha nane, kitambaa kimekwisha, hata kama kwa macho ni cheupe pe. Hili ndilo linalowatesa wageni. Mtu amelelewa kusuuza tambara na kuendelea, halafu leo unamwambia atupe kitu anachokiona kisafi. Nami nilitupa kwa uchungu miezi mingi.

Kwenye daraja C bado tuna ndoo tatu. Moja ina dawa ya kuulia vimelea, moja ina maji safi ya kusuuzia, moja ni tupu ya kukamulia. Unachovya kwenye dawa, unadeki, unasuuza kwenye maji, unakamua kwenye ile tupu, ndipo unarudi kwenye dawa. Ukiruka hatua moja unakuwa umerudisha uchafu kwenye dawa, na kutoka hapo unaupaka chumba kizima kwa bidii zote. Dawa iliyochafuka haiui tena. Baya zaidi, kuna bakteria wanaoweza kuishi ndani ya dawa dhaifu iliyolala kwenye ndoo usiku kucha. Kwa hiyo dawa ya jana inamwagwa, hata ndoo iwe imejaa na mkuu wa manunuzi amesimama pale anaangalia.

Halafu kuna suala la muda. Dawa inahitaji sakafu ibaki imelowa, kwa ile tunayoitumia sisi ni dakika kumi. Chumba chenye hewa inayoshuka mfululizo kinakausha haraka mno. Kijana mwenye nguvu anaweza kudeki chumba kizima kwa dakika sita, kikang'aa, na asiue kitu. Kwenye kazi hii mwenye haraka namhofia kuliko mvivu, kwa kuwa mvivu unamwona.

Spiriti ya asilimia 70 ndiyo ya kila saa, ya glovu na ya meza. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini isiwe ya asilimia 99 iwe kali zaidi. Ni kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kupenya na kuharibu protini za bakteria, na bila maji inaruka hewani kabla ya kufanya kazi. Hata hivyo spiriti haiui spora. Spora ni bakteria aliyejifungia ndani ya gamba lake akasubiri, na anaweza kulala ndani ya spiriti hiyohiyo unayoiamini, ndiyo maana spiriti ya daraja A na B lazima nayo ichujwe na kutakaswa. Kwa spora tuna dawa ya peroksaidi iliyochanganywa na asidi ya perasetiki. Inanuka kama siki iliyokasirika, inachoma pua hata ukiwa na barakoa. Jiki nayo inaua spora ukiipima vizuri, kila anayefua anaijua, ila ikiachwa juu ya chuma cha pua inakitoboa vishimo vidogo, na kishimo ni nyumba ya kimelea. Kwa hiyo baada ya kuua lazima ufute mabaki ya hicho ulichoulia. Kusafisha usafi, shangazi angenishangaa.

Sasa niseme kuhusu mpini.

Ilikuwa masika. Visahani vya sakafu ya chumba cha kuvalia, upande wa daraja B, vilianza kuota. Wiki ya kwanza kundi moja, ya pili mawili, halafu likaonekana moja ukutani, chini, kimo cha goti. Maabara wakasema ni bakteria wa majimaji, ukoo mmoja na yule wa macho ya Marekani. Tukashangaa. Daraja B halina bomba, halina sinki, halina hata tundu la kutolea maji sakafuni, haviruhusiwi. Maji yametoka wapi?

Walianza na watu. Huwa wanaanza na watu. Kijana wetu mmoja wa usafi, mgeni wa miezi minne, aliitwa mara tatu kuhojiwa: ananawaje, anavaaje, jana alikula nini. Akatolewa chumbani, akapelekwa kufyeka majani nje "mpaka uchunguzi ukamilike". Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Nilimjua jinsi anavyofanya kazi, nilijua hana kosa, na sikufungua mdomo. Hilo bado linanikaa.

Wakapima maji, safi. Wakapima dawa, safi. Wakafunua karatasi za otoklevu, kila mzunguko ulifika 121 na kukaa dakika zake. Bakteria wakaendelea kuota.

Siku ya Ijumaa jioni nilikuwa chumba cha kuoshea nikipanga vifaa. Mipini yetu ilikuwa ya aluminiamu, ya kuvuta na kurefusha, bomba ndani ya bomba, na kwa urefu wake haikuwa inaingia kwenye otoklevu yetu. Kwa hiyo ilioshwa, ikafutwa spiriti kwa nje, ikaingizwa. Miaka yote hiyo. Nilichukua mmoja, nikaupindua ili niutundike, kichwa juu. Nikasikia maji yakitembea ndani. Sauti ndogo sana, kama ya mtu anayemeza mate.

Niliupindua tena. Yakarudi.

Nilimfuata dada wa maabara, alikuwa ameshabeba pochi anaondoka. Sikumweleza kitu, nilimsogezea mpini sikioni nikaupindua. Akaweka pochi chini. Tukaenda karakana, fundi akaupasua kwa msumeno wa chuma, kwa urefu, kama unavyopasua muwa. Kile kizibo cha plastiki cha chini kilikuwa kimepata ufa mwembamba kama uzi. Ndani, kuanzia kwenye ufa hadi nusu ya bomba, kulikuwa na mstari wa kahawia, mtelezi, unanuka shimo. Aliyewahi kuosha dumu la maji lililokaa muda mrefu anaujua mtelezi huo, ule tunaotia mchanga na vijiwe tukatikisa mpaka utoke. Kila tulipodeki, tulipouinamisha ule mpini, tone lilikuwa linashuka kupitia ufa, linaangukia kichwa cha dekio kilichotakaswa, kilichofungwa mara mbili, na sisi tunalipaka sakafuni kwa mivuto inayopandana, kutoka mbali kuelekea mlangoni.

Bakteria wa kwenye mpini na wa kwenye visahani walikuwa wale wale. Daraja A halikuwa limeguswa, visahani vyake vyote vilikuwa vitupu, hata hivyo bechi mbili za kipindi hicho ziliteketezwa na sikusikia mtu akibisha. Mipini ile yote ilitupwa. Ikaja ya chuma cha pua, ncha zimechomelewa zikazibwa kabisa, inafunguka vipande vitatu vinavyoingia kwenye otoklevu. Kijana alirudishwa chumbani Jumatatu. Nilimwomba radhi mbele ya timu nzima. Akaniambia, "Yaishe, mama," na akaenda kuvaa.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao nimeusema kwenye vikao mpaka wamenichoka, na nitaendelea. Anayedeki chumba cha daraja B asiwe kibarua wa wakala anayebadilishwa kila miezi mitatu. Aajiriwe, afundishwe vimelea, aoneshwe visahani vya sehemu aliyosafisha yeye mwenyewe, avione vikiota au visivyoota. Viwanda vingi vinamfundisha mwendesha mashine miezi sita na mtu wa dekio siku moja, halafu wote wawili wanaingia chumba kimoja. Mtu asiyeelezwa kwa nini anakunja kitambaa mara mbili, siku akichoka hatakikunja, na hakuna kamera itakayoona.

Kisha kuna daftari. Kila baada ya kudeki tunaandika saa, dawa, namba ya bechi ya dawa hiyo, nani amefanya, nani amehakiki. Wengi wanaliona ni la kumridhisha mkaguzi. Mwaka 2012, mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, kampuni iitwayo New England Compounding Center ilitengeneza sindano za mgongo zilizoingia ukungu. Watu zaidi ya 750 waliugua katika majimbo 20, zaidi ya 60 walikufa, wengi kwa homa ya uti wa mgongo. Walikuwa watu waliokwenda kutibiwa maumivu ya mgongo, wakarudi nyumbani. Yaliyotoka mahakamani baadaye ni mengi, ila mimi nilisimama kwenye moja: daftari za usafi zilikuwa zinajazwa kwamba vyumba vimesafishwa, wakati havikusafishwa. Visahani vyao wenyewe vilikuwa vinaota ukungu kwa miezi, na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo kwenye timu yangu hakuna anayesaini kesho. Umesahau kusaini, andika umesahau, tutadeki upya. Tumedeki upya mara nyingi, saa tisa usiku, mashine zimesimama zikitusubiri, mkuu wa zamu anahesabu hasara. Namwelewa, ana namba zake za kufikisha. Lakini chumba hakifunguliwi.

Ule mpini uliopasuliwa nilikataa usitupwe. Ulitakaswa, ukatundikwa ukutani kwenye chumba cha mafunzo, na huwa nauteremsha kila tukipokea watu. Wiki iliyopita tulipokea wanne. Mmoja ni binti aliyetoka chuo cha ufundi, VETA, mkimya. Nilipomaliza kusimulia aliomba kuushika. Alipitisha kidole kwenye mstari wa kahawia, ambao siku hizi umekauka, kisha akausogeza sikioni na kuuinamisha taratibu. Nikamwambia huo hautoi sauti tena. Akaurudisha ukutani, akaenda kwenye rafu ya mipini mipya, na kabla sijamtuma kitu akaanza kuichukua mmoja mmoja, anaupindua, anasikiliza, anauweka upande wa pili. Ilikuwa ishirini na nne. Alisikiliza yote.